Waulize Mafundi: Masafa, waifai na minara ya Kusini

Barua za safari hii zimetoka Kilwa hadi bonde la Ruvuma, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: mawimbi hayafiki, je, tuongeze nguvu? Mara nyingi nguvu siyo inayokosekana. Wala masafa si mali ya aliyenunua kifaa kikubwa zaidi. Ni mali ya umma inayogawanywa kwa sheria ili jirani naye asikike. Barua ndefu tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Mtandao wetu unakufa maji yakijaa

*Salaam mafundi. Tumeunganisha ofisi yetu ya Kilwa Masoko na ng'ambo ya pili, Kilwa Kisiwani, kwa redio mbili za 5.5 GHz. Umbali ni kama kilomita 2 na hakuna mti wala jengo katikati, ni maji matupu. Antena zote mbili ziko kama mita 7 na nusu juu ya alama ya maji makuu. Siku za bamvua mtandao unakufa maji yakijaa pomoni, unarudi, kisha unakufa tena yakipwa kabisa. Siku za maji mafu hausumbui. Fundi anasema tununue redio zenye nguvu zaidi. Tununue? – Msomaji, Kilwa Masoko*

Msinunue, pesa itapotea. Kwa kilomita 2, redio inayotoa wati 1 hewani na antena ya kupokelea ya 23 dBi (kipimo cha uwezo wake wa kukusanya mawimbi), mnapaswa kupokea takriban -60 dBm (kipimo cha nguvu; namba hasi ikikaribia sifuri, nguvu ni kubwa zaidi). Hiyo ni nyingi mno. Kinachowaumiza ni bahari yenyewe.

Antena yenu inapokea wimbi mara mbili: lile linalokuja moja kwa moja, na jingine linalogonga uso wa maji katikati ya mlango wa bahari na kudunda. Wimbi linalodunda juu ya maji kwa pembe ndogo hugeuzwa juu chini. Basi ikiwa njia yake ni ndefu kuliko ile ya moja kwa moja kwa urefu kamili wa wimbi moja, au mawili, yanafika yakipingana na kufutana. Kwenye 5.5 GHz wimbi moja lina urefu wa sentimita 5.45 tu, kwa hiyo badiliko dogo la kina linatosha kuharibu kila kitu.

Hesabu yake ni hii: zidisha kimo cha antena moja kwa kimo cha nyingine (vyote kutoka usawa wa maji wa wakati huo), zidisha kwa 2, kisha gawanya kwa umbali, vyote kwa mita. Maji makuu yakiwa juu, antena ziko mita 7.4 juu ya maji. Tofauti ya njia inakuwa sentimita 5.5, yaani wimbi moja kamili. Zinafutana. Maji yakishuka mita moja na nusu, vimo vinakuwa mita 9, tofauti inakuwa sentimita 8.1, wimbi moja na nusu. Hapo mawimbi mawili yanasaidiana na mtandao unakuwa bora kuliko kawaida. Yakishuka mita 3, vimo ni 10.4 na tofauti ni sentimita 10.8, mawimbi mawili. Zinafutana tena. Siku za maji mafu bahari haifiki kwenye ncha hizo mbili, ndiyo maana mnapumua. Mkiongeza nguvu, wimbi la moja kwa moja na lile la kudunda vinaongezeka pamoja, na kufutana kunabaki pale pale.

Kabla ya kugusa chochote, thibitisheni. Siku moja ya bamvua andikeni kiwango cha kupokea kila nusu saa, pembeni mweke saa za kujaa na kupwa. Mkiona kinaporomoka kwa dB 15 (kila dB 3 zinazopungua ni nusu ya nguvu) au zaidi kila maji yanapofika alama ile ile, hakuna haja ya kubishana.

Dawa ya bei nafuu ni kuhamia 2.4 GHz kwenye milingoti hiyo hiyo. Huko wimbi lina urefu wa sentimita 12.3, na tofauti ya njia yenu, kutoka sentimita 5.5 hadi 10.8, haifikii wimbi kamili. Maji yakipwa kabisa mtapoteza dB 2 au 3 tu. Hata mkibaki kwenye miliwati 100 hewani, antena ya 15 dBi upande wa pili itapokea kama -71 dBm. Kwa chaneli ya upana wa 20 MHz, hiyo inatosha kazi za ofisi na simu za picha. Kasoro yake ni kwamba bendi hiyo imejaa waifai za mjini, kwa hiyo antena ya Masoko ielekezwe vizuri na chaneli ichaguliwe baada ya kusikiliza iliyo tulivu.

Njia nyingine inawashangaza wengi: kushusha antena badala ya kuzipandisha. Zikiwa mita 3 juu ya maji makuu, tofauti ya njia inabaki kati ya sentimita 0.9 na 3.6, haifiki wimbi moja hata kwa bamvua. Lakini mko ukingoni hapo, kwa sababu wimbi linahitaji nafasi tupu ya kama mita 3 chini ya mstari wa macho katikati ya njia, na tanga la jahazi likipita litakata mawasiliano. Jambo moja msifanye: kushusha mita moja na nusu halafu mkaridhika. Hapo mnahamisha shimo, yaani kimo ambacho mawimbi yanafutana, kutoka maji makuu na kulipeleka katikati ya maji, ambako bahari hupita kila siku, bamvua au maji mafu.

Wenye bajeti huweka antena ya pili upande mmoja, mita 3 juu au chini ya ile ya kwanza, ili moja ikizama nyingine isimame. Kwa umbali wenu mita 3 ndizo hasa. Ila hakikisheni kifaa kinaweza kuchagua antena kati ya hizo mbili kabla ya kulipia.

Waifai ya vocha mtaani

*Habari za kazi. Nataka kuuza waifai ya vocha mtaani kwetu Chikongola, shilingi 500 kwa siku. Rafiki ananiambia 2.4 GHz ni masafa ya bure, kwa hiyo sihitaji leseni yoyote. Ni kweli? – Kijana wa Mtwara Mjini*

Rafiki yako amechanganya vitu viwili. Katika bendi ya 2400 hadi 2483.5 MHz humuombi mtu akutengee masafa yako peke yako, mradi kifaa chako kimeidhinishwa na kinarusha ndani ya kikomo cha nguvu. Kuuza intaneti ni jambo jingine. Hiyo ni huduma ya mawasiliano, na iko chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inatoa leseni kwa makundi: miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi na maudhui; na kwa ngazi: kimataifa, kitaifa, mkoa na wilaya. Anayetaka kusimama mwenyewe kama mtoa intaneti wa wilaya moja hahitaji kuomba leseni ya nchi nzima. Watu wengi hawalijui hilo na wanakata tamaa mapema.

Kwa mtaji wa vocha za 500, njia inayotembea ni kuwa wakala wa mwenye leseni. Nenda kwa mtoa huduma, mwambie wazi kwamba unataka kuuza tena, na mkataba uandike hivyo. Kifurushi cha nyumbani hakikuruhusu kufanya biashara hiyo. Wakikugundua wanakukatia laini na wateja wako wanabaki na vocha mkononi. Sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua namba ya mlipakodi, kata leseni ya biashara halmashauri. Vifaa ununue vilivyoidhinishwa na TCRA. Mwombe muuzaji uthibitisho kabla ya kulipa, maana mzigo wa kubabaisha ukikamatwa ni wako, si wake.

Upande wa ufundi, weka kila kituo kwenye chaneli 1, 6 au 11 na upana wa 20 MHz. Ukiweka 40 MHz kwenye 2.4 unameza nusu ya bendi na unakaribisha kelele za kila jirani. Zima mwendo wa zamani wa 1, 2, 5.5 na 11 Mbps kwenye mipangilio: simu moja iliyo mbali ikizungumza kwa 1 Mbps inashika hewa muda mrefu huku wote wengine wakisubiri. Halafu weka kikomo kwa kila vocha. Laini ya 20 Mbps ikitumiwa na watu 20 kwa pamoja ni 1 Mbps kwa kila mtu, na mmoja anayepakua filamu asipobanwa atakula ya wote. Usipandishe nguvu ya ruta hadi mwisho. Simu ya mteja ina antena ndogo na nguvu ndogo. Atakuona kwa mistari mitano lakini wewe hutamsikia, na lawama zitakujia. Vituo vitatu vidogo vinavyonong'ona vinahudumia mtaa vizuri kuliko kimoja kinachopiga kelele.

Kama ni kikundi cha mtaa au kijiji kinachotaka mtandao wake, ulizieni pia habari za mtandao wa jamii wa Kondoa, mkoani Dodoma, uliojaribu kutumia nafasi tupu za masafa ya televisheni. Masafa hayo ya chini hupenya miti vizuri kuliko 5 GHz, na sisi wenye mikorosho na minazi kila upande tungefaidika nayo sana.

Rada, na ruta inayohama yenyewe

*Nimefunga kiungo cha 5 GHz kati ya Mikindani na Mtwara Mjini. Kila mara kinakatika, kinabadilisha chaneli, kisha kinarudi. Nimeambiwa nibadilishe nchi kwenye mipangilio niweke nchi isiyo na masharti. – Fundi, Mikindani*

Usifanye hivyo, tunakuomba kwa dhati. Kifaa chako kinatii kanuni. Mkutano wa dunia wa masafa wa mwaka 2003 ulikubali waifai itumie 5250–5350 na 5470–5725 MHz kwa sharti kwamba isikilize rada kwanza na kuzipisha. Chini ya kanuni za Ulaya, ambazo vifaa vingi vya soko letu vimeundwa kuzifuata, kifaa husikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha. Kikisikia rada huhama na hakirudi kwenye chaneli ile kwa dakika 30. Kati ya 5600 na 5650 MHz usikilizaji ni dakika 10, kwa sababu huko ndiko rada nyingi za hali ya hewa duniani zinakofanya kazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada Mtwara, na mvuvi wa Msimbati anategemea utabiri kuliko sisi tunavyotegemea video. Waifai iliyoingia kwenye masafa ya rada huonekana kwenye picha yake kama mstari mnyoofu kuelekea ilipo antena, kwa hiyo wanaotafuta chanzo wanakuwa na mwelekeo wako tayari.

Cha kufanya: toa chaneli 120, 124 na 128 kwenye orodha ya kuchagua, acha nchi ikiwa Tanzania, na tumia upana wa 20 MHz badala ya 80. Chaneli nyembamba ina nafasi nyingi za kukimbilia na inasikia vizuri zaidi kwa mbali. Mara nyingine pia anayedhaniwa rada ni redio ya jirani kwenye mnara huo huo, inayogonga masikio ya kifaa chako kwa karibu mno. Achanisheni antena mita kadhaa kwa kimo, na mpeane chaneli zilizo mbalimbali.

Kisha angalia nguvu yako. Tumeona mipangilio mingi ambapo redio imewekwa 27 dBm na antena ni ya 23 dBi. Jumla yake ni 50 dBm, wati 100 hewani! Kikomo kilichokubaliwa 2003 kwa 5470–5725 MHz ni wati 1, yaani 30 dBm. Kwa antena ya 23 dBi redio yako inatakiwa kutoa 7 dBm, miliwati 5. Inaonekana kidogo, lakini kwa kilomita 8 zilizo wazi, antena kama hiyo upande wa pili bado inapokea kama -72 dBm, ambayo inabeba kazi. Masharti ya sasa ya nchini kwa kila kipande cha bendi yako TCRA. Waandikie uwe na jibu lao kwenye faili kabla mkaguzi hajaja.

Busta ya simu

*Shikamooni. Dukani kwangu Tandahimba simu inashika nje tu, ndani hakuna. Nimenunua busta mtandaoni, ina antena mbili. Siku ya tatu wakaja watu wa kampuni ya simu wakaniambia niizime, eti naharibu mnara. Nilinunua kwa pesa yangu halali. – Mama wa duka, Tandahimba*

Marahaba, mama. Pole kwa hasara, lakini walikuwa sahihi. Masafa ambayo busta inarusha yamekodishwa kwa kampuni ya simu kwa leseni; mtu mwingine haruhusiwi kurusha humo bila idhini yao na ya TCRA.

Ukiacha sheria, busta inaharibu kwa namna mbili. Ya kwanza ni mzunguko. Ikiwa inakuza kwa dB 70, antena ya nje na ya ndani zinatakiwa kutengana kwa kama dB 85. Zikiwa mita 4 tu na bati jembamba katikati, antena ya nje inasikia ile ya ndani na mashine inaanza kujipigia kelele yenyewe, kama maiki iliyosogezwa karibu na spika. Ya pili ni kimya kimya: hata isipojizungusha, inapeleka kelele mnarani kwenye 880–915 MHz, upande ambao mnara unasikilizia simu zote. Mnara unakuwa kiziwi, na wanaoumia ni wale walio mbali mashambani, ambao simu zao zilikuwa zinafika kwa shida tangu awali.

Njia halali ni ruta ya 4G yenye tundu za antena za nje. Fungua ukurasa wake wa mipangilio, tafuta namba iliyoandikwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara. Kati ya -80 na -90 ni nzuri, -100 ni ya kubahatisha, chini ya -110 ni bure. Pembeni yake kuna SINR, yaani mawimbi yanazidi kelele kwa kiasi gani. Ikizidi 13 utafurahi, ikiwa chini ya sifuri hata mistari mitano haitakusaidia. Zungusha antena polepole, nyuzi 10 kila hatua, subiri nusu dakika, andika. Fuata SINR kubwa, usifuate mistari.

Kebo ndiyo inayokula watu. Kebo nyembamba ya RG58, mita 10 tu kwenye 1800 MHz, inapoteza dB 7 au zaidi. Antena uliyonunua ya dB 9 inakuwa imekuongezea dB 2. Kebo nene ya aina ya LMR-400 kwa urefu huo huo inapoteza dB 2. Ukiweza, pandisha ruta yenyewe kwenye mlingoti ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, ushushe waya wa mtandao wa kawaida. Huo unafika mita 100 bila kupunguza mawimbi. Ukishakuwa na waifai ndani, washa kupiga simu kwa waifai kama kampuni yako na simu yako vinaruhusu.

Na kama ni kijiji kizima hakina mawimbi, si duka lako pekee, barua ya serikali ya kijiji ipitie halmashauri kwenda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfuko huo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kutoa ruzuku ya minara mahali ambapo kampuni haioni faida. Andikeni jina la kijiji, vitongoji, idadi ya kaya, shule na zahanati zilizopo, na sehemu mnazopanda kutafuta mawimbi.

Simu inakamata Msumbiji

*Huku Kitaya simu zetu zinarudi nyuma saa moja na salio linaisha. Kwa nini serikali isizuie mawimbi ya wenzetu? – Mkulima, Kitaya*

Saa kurudi nyuma ndiyo dalili: Msumbiji iko saa moja nyuma yetu, na simu imechukua saa ya mnara wa huko. Mawimbi hayasimami mtoni. Nchi jirani hupatana kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa kuvuka mpaka, lakini pale ambapo mnara wetu uko mbali na wao uko karibu ng'ambo ya Ruvuma, simu itachagua unaosikika. Ingia kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, ondoa kuchagua kwa otomatiki, chagua kampuni yako. Ikionekana kwa namba, ya Tanzania huanza na 640 na ya Msumbiji 643. Zima data ya nje ya nchi, na saa uiweke kwa mkono. Ukisafiri kwenda Mtwara kumbuka kurudisha otomatiki. Salio lililokatwa ukiwa upande wetu lidai: piga 100, chukua namba ya malalamiko, na wasipokujibu peleka TCRA ukiwa na namba hiyo, tarehe na saa.

Maiki za ibada zinakoroma

*Maiki zetu zisizo na waya zilikuwa nzuri kwa miaka mingi. Sasa zinakoroma, hasa watu wakijaa. – Katibu, Masasi*

Tazama namba iliyobandikwa chini ya kipokezi. Ikiwa ni kati ya 703 na 788 MHz, masafa hayo siyo ya maiki tena. Yalikuwa ya televisheni ya analojia; baada ya kuhamia dijitali yakaenda kwenye mnada wa mwaka 2018 kwa ajili ya simu. Simu hurusha kuanzia 703 MHz, ndiyo maana koromo linaanza watu wakiingia na simu mifukoni. Hamna cha kurekebisha kwenye mfumo huo. Nunueni unaofanya kazi chini ya 694 MHz, na kabla ya kuchagua chaneli pitisheni skani ya kipokezi maiki zote zikiwa zimezimwa, mkwepe chaneli za ving'amuzi vya televisheni zinazosikika Masasi.

Sahani ya setilaiti kutoka ng'ambo

*Ndugu yangu amenunua sahani ya intaneti ya setilaiti Msumbiji, imesajiliwa huko. Naweza kuitumia Newala? – Msomaji, Newala*

Sahani hiyo haipokei tu, inarusha pia kwenda angani, kwenye masafa ya karibu 14 GHz. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, kifungu cha 18, zinataka kila kituo kinachorusha kiwe na leseni ya serikali ya nchi kilipo. Leseni ya Msumbiji inaishia Ruvuma. Usiivushe kabla TCRA haijakujibu kwa maandishi kuhusu kampuni hiyo na kifaa hicho.

Kebo inaoza

*Waya wa kwenda kwenye antena paani unakufa kila baada ya masika. – Mwalimu, Lindi*

Ni chumvi na waya bandia, mwalimu. Waya mwingi wa bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani uurudishe dukani. Alumini hupoteza umeme zaidi njiani na huliwa na hewa ya bahari ndani ya kiunganishi. Nunua wa shaba tupu, wa nje, uliojazwa jeli. Kabla waya haujaingia ukutani uache ulegee kama kikombe ili maji yadondokee hapo. Kiunganishi kielekee chini. Pia soma kibandiko cha kifaa: cha volti 24 ukikipa 48 kinaungua papo hapo, na watu wengi hudhani ni radi.

Redio ya upepo baharini

*Sisi ni wavuvi wa Kilwa Kivinje. Tumenunua redio ndogo za mkononi za bei rahisi zinazoshika masafa mengi. Zinafaa kuomba msaada? – Nahodha*

Nahodha, redio hizo zimetengenezwa kwa matumizi mengine. Zinaweza kulazimishwa kuingia masafa ya bahari, lakini hazizuii maji, hazielei, na kijana akibonyeza vibaya anaweza kurusha kwenye masafa ya polisi au ya ndege bila kujua. Chukueni redio halisi ya VHF ya bahari ya wati 5, yenye chaneli zilizopangwa kiwandani. Ombeni TCRA leseni ya redio ya chombo. Mtapewa utambulisho wa kuita, na kwa redio yenye kitufe chekundu cha dharura, namba ya tarakimu 9 ya kuingizwa ndani. Bila namba hiyo kitufe hakisaidii.

Chaneli ya kuita na ya dharura ni 16, 156.800 MHz. Isikilizeni muda wote, na soga zihamie chaneli nyingine. Msitegemee nguvu kuwapeleka mbali, kwani VHF hufuata mstari wa macho. Chukua mzizi wa pili wa kimo cha kila antena kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Redio mbili za mkononi zikiwa mita 2 juu ya maji zinafikiana kama kilomita 11 na nusu. Pwani kukiwa na antena ya mita 30, mnafika 28. Kwa hiyo badala ya redio ya wati 25 ya gharama, chama cha wavuvi kinaweza kuchanga mlingoti mrefu ufukweni wenye mtu wa kusikiliza, baada ya kupata leseni ya kituo cha pwani, na kila chombo kikafunga antena yake juu ya mlingoti wa tanga.

Mkipatwa, bonyezeni kitufe cha kuongea, hesabuni moja ndipo mseme: Mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali mlipo kama simu inavyoonyesha au kwa alama ya nchi kavu na mwelekeo, kilichotokea, na idadi ya watu. Achieni kitufe msikilize. Betri ichajiwe usiku wa kabla ya safari, na ya akiba ifungwe kwenye mfuko wa plastiki mara mbili.